Safu ya Lugha: "Zaidi"

Ekai ana mbuzi 8, Akiru ana 5. Ekai ana mbuzi wangapi zaidi ya Akiru? Mtoto wa gredi ya pili mjini Lodwar akisikia "zaidi" anaweza kujumlisha papo hapo: 13. Asilaumiwe. Kafundishwa kuwinda neno: "zaidi" ni kujumlisha, "baki" ni kutoa. Mbinu hiyo hufaa mpaka swali lianze kulinganisha.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mambo ni magumu zaidi (na hapa hakuna cha kujumlisha). Kambi hiyo ilifunguliwa 1992 kupokea wakimbizi kutoka Sudan. Leo darasa moja laweza kuwa na Mturkana, Msomali na Mnuer, na wengi wao Kiswahili wanajifunzia shuleni.

Afadhali mwalimu apange vijiwe: 8 juu, 5 chini, kila kimoja na mwenzake. Vitatu vinabaki bila wenzi. Ndipo aulize, "Ekai amemzidi Akiru kwa mbuzi wangapi?" Kitenzi hicho humtaja aliyepita na aliyepitwa. Kisha aligeuze swali: Akiru aongezewe mbuzi wangapi ili walingane? Safari hii limo "ongeza", na jibu bado ni 3.