Muhuri Mzito Kuliko Ushuru

Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895 hakuichukulia hataza. Mwaka uliofuata viwanda vya Ujerumani na Marekani vilikuwa vimeshaanza kutengeneza mitambo yake, na kilichomkwaza mnunuzi wa ng'ambo kilikuwa bei na ushuru wa forodha.

Kizuizi cha aina nyingine kilitokana na maumivu ya watu. Marekani ilipitisha sheria ya vifaa tiba mwaka 1976, baada ya kitanzi cha uzazi kiitwacho Dalkon Shield kuwadhuru wanawake wengi. Sheria ilistahili. Ila ofisi yenye mamlaka ya kukataa kifaa kibovu ina mamlaka pia ya kukawiza kizuri cha mgeni.

Japani ililionyesha hilo. Kifaa kilichokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa Marekani kilitakiwa kujaribiwa upya kwa Wajapani, kwa hoja kwamba miili hutofautiana. Kwa dawa, hoja hiyo ina uzito. Kwa mashine isiyoingia mwilini, sioni mtu angeiteteaje. Mwaka 1985 serikali za Reagan na Nakasone zilifungua mazungumzo ya sekta nne, vifaa tiba na dawa zikiwa mojawapo, na Japani ikaanza kukubali matokeo ya majaribio ya ng'ambo.

Ulaya ilikaza kamba baada ya mwaka 2010, kampuni ya Kifaransa ya PIP ilipobainika kutia silikoni ya viwandani kwenye vipandikizi vya matiti. Kanuni mpya zilianza kutumika Mei 26, 2021. Siku hiyohiyo Uswisi ilijitoa kwenye mazungumzo ya mkataba mpana na Umoja wa Ulaya, na vifaa vyake vikapoteza njia nyepesi ya kuingia sokoni. Kifaa kilikuwa kilekile cha jana, lakini sasa kilidai mwakilishi ndani ya Umoja na lebo mpya.

India ilipitia kwenye bei: mwaka 2017 iliweka kikomo cha bei ya stenti za moyo. Marekani ililalamika, na mwaka 2019 ikaifutia India nafuu ya ushuru, vifaa tiba vikiwa miongoni mwa sababu.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya ulizifungia kampuni za China zabuni za serikali za vifaa tiba zinazozidi euro milioni 5, ukisema China inabagua bidhaa za Ulaya. Julai, China ikalipiza kwa zabuni zinazozidi yuan milioni 45. Safari hii usalama wa mgonjwa haukuwa hoja. Ilikuwa biashara tupu.