Migogoro ya ujenzi (Lubarika)

Migogoro ya ujenzi ni mabishano kati ya mwenye nyumba, fundi na muuza vifaa juu ya malipo, ubora wa kazi, muda au mpaka wa kiwanja. Lubarika iko katika bonde la Ruzizi, teritori ya Uvira, Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kama vijijini kwingine, mapatano ya mdomo ndiyo chanzo cha taabu: fundi hupokea malipo ya kwanza, matofali huchomwa, kisha kila mmoja hukumbuka bei yake. Sheria ya 30 Julai 1888, ambayo bado inatumika, huyahesabu makubaliano halali kuwa sheria kwa waliokubaliana. Kazi ni kuyathibitisha.

Mgogoro wa kiwanja ni mgumu zaidi. Sheria ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, lakini machifu wa kimila huendelea kugawa mashamba.

Kesi husikilizwa kwanza na wazee au chifu, kisha mahakama. Kwa mikataba mikubwa kuna usuluhishi wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika inayooanisha sheria za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Mahakama ya juu ya OHADA iko Abidjan.