Diski iliyoanguka kutoka angani

Fundi aliiwasha laptopu yangu mara mbili, akasikiliza feni ikizunguka kisha ikanyamaza, akasema, “Hii tunapiga window tu, dada. Nusu saa unaondoka nayo.” Tayari alikuwa na flashi mkononi. Ndani ya laptopu ile mlikuwa na rekodi 11 za marehemu bibi yangu akisimulia maisha yake, na nakala nyingine sikuwa nayo. (Najua. Usiniulize.) Nikamwomba aiache kwanza. Nikakaa kwenye benchi lake nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, nikikumbuka kisa cha Columbia.

Chombo hicho cha anga kilivunjika vipande juu ya Texas, tarehe 1 Februari 2003, kikiwa kinarejea duniani. Wanaanga wote saba walikufa. Katika mabaki yaliyookotwa kulikuwa na donge la chuma lililoungua, ambalo baadaye lilitambuliwa kuwa ni diski ya Seagate, ya ujazo usiofika hata nusu gigabaiti. Ilikuwa imehifadhi vipimo vya jaribio la gesi ya zenoni. Wanasayansi walitaka kujua kama gesi hiyo, ikikorogwa, hupungua mnato kama sosi ya nyanya inayogoma kutoka kwenye chupa mpaka uitikise. Baadhi ya vipimo vilikuwa vimeshatumwa duniani wakati wa safari. Vingine vilikuwa humo tu.

Kazi ya kuifufua alipewa Jon Edwards, mhandisi wa kampuni ya Kroll Ontrack. Sehemu za umeme zilikuwa zimeungua, na vumbi lilikuwa limepenya ndani. Lakini visahani vyenyewe, vile vinavyobeba sumaku ya maandishi, vilikuwa vimesalimika kwa sehemu kubwa. Akavisafisha, akavihamishia kwenye diski nyingine nzima, akapata asilimia 99 ya kilichokuwamo. Bahati yake ilikuwa mbili. Diski haikuwa imejaa, na sehemu zilizokwaruzika zilikuwa zile ambazo hazikuwahi kuandikwa kitu. Tena kompyuta yake ilitumia DOS, mfumo wa kizamani ambao hautawanyi data huku na kule. Diski nyingine mbili za chombo hicho hazikutoa chochote. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Physical Review E, zenoni ikiwa imethibitika kuwa na tabia ya sosi. Magazeti yalishangilia. Mimi kisa hiki kinanipendeza na kunitia aibu kidogo kwa wakati mmoja, maana watu saba hawakuwa na diski ya akiba.

Lakini kilinifundisha kutenganisha vitu viwili. Mwaka 1956, IBM ilipotoa kompyuta ya kwanza ya kibiashara yenye diski ya kuzunguka, RAMAC, ghala la data lilikuwa kabati zima la peke yake, lenye visahani 50, kila kimoja kipana sentimita 61 hivi. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba kompyuta na ghala lake ni kitu kimoja. Sisi tumezoea kuvibeba pamoja ndani ya begi, hivyo kioo kikiwa cheusi tunalia msiba wa vyote. Laptopu inaweza kukataa kuwaka kwa sababu ya chaja, ubao wa umeme, au faili moja bovu la mfumo, huku picha na sauti zimelala salama pale pale. Hatari ni kuandika juu yake. Na kupiga window ni kuandika juu yake.

Fundi wa pili, kijana mpole wa mtaa wa nyuma, alifungua skrubu, akaichomoa diski, akaitia kwenye kasha lenye waya wa USB na kuichomeka kwenye kompyuta yake kama flashi kubwa. “Una bahati, dada,” alisema. “Nyingine siku hizi zinachomelewa kwenye ubao kabisa, huwezi kuzitoa.” Akanakili kila kitu kwanza, ndipo akagusa panya kufungua faili la kwanza.

“Inarekodi hiyo?” bibi akauliza, na wateja wawili wakageuka.

Kumi zilifunguka. Ya saba, ile ya harusi yake, inagoma hadi leo.