Slaida ya rangi ya chungwa ina historia

Ukiniuliza ni nini kinaharibu picha nyingi za uso nyeusi na nyeupe hapa Nairobi, sitalaumu kamera. Nitalaumu slaida moja: ile ya rangi ya chungwa. Ingia Lightroom, toa rangi, kisha ivute chini. Ngozi yetu ya kahawia imebeba nyekundu na chungwa nyingi, so uso unazama gizani papo hapo. Vinyweleo vinatokea, macho yanang'aa, komenti zinajaa moto. Watu wanaita hiyo drama. Mimi naona kitu cha zamani sana.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Picha za enzi hizo zilipigwa kwa mabamba ya kioo ambayo hayakuona rangi nyekundu. Mwanga mwekundu ukiyagonga, ni kama haujafika. Matokeo? Mtu mweusi alitoka mweusi kuliko alivyokuwa, na ukitaka sura yake isomeke ilibidi uongeze mwanga. Filamu zinazoona rangi zote zilienea kwenye miaka ya 1920 na 1930. Sasa sisi tunavuta chungwa chini na kurudisha yale mabamba, tena wengine tunalipia kila mwezi.

Lakini drama si lazima ile uso. Huko Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alikuwa na studio yake. Wapenzi, marafiki na wanawake Waswahili walienda kwake wakatoka na picha zenye mwanga wa sinema: vivuli, vichwa vimeinamiana, macho yanaangalia mbali. Giza lipo, lakini kila uso unasomeka. Na usidhani kuediti kulianza na simu. Mafundi wa studio wa zamani walichonga penseli, wakachora juu ya negativu. Penseli ilipogusa, picha ilitoka nyeupe zaidi. Kwenye chumba cha giza, walikinga mwanga kwa mkono ili sehemu fulani isiwe nyeusi sana. Brashi unayopaka kwa kidole leo ni mkono ule ule. Tofauti ni kwamba mteja wa studio alilipa, so alikuwa na sauti kuhusu sura yake.

Kuna mwingine hakuulizwa. Oktoba 1956, baada ya kupigwa risasi na kukamatwa Nyeri, Dedan Kimathi alipigwa picha akiwa amelala, mikono kwa pingu. Serikali ya kikoloni ilisambaza picha yake ili watu wajue ameisha. Haikufanya kazi. Vijana walikata pingu nje, wakapandisha kontrasti hadi ukabaki uso na rasta, wakamweka kwa matatu na T-shati. Pale Kimathi Street sanamu yake imesimama tangu 2007. Kwa hivyo siwezi kusema kontrasti ni mbaya. Swali ni inamfanyia nani kazi.

Mimi nikipiga msee, iwe juu ya ghorofa Westlands ama kando ya dirisha Kawangware, nafanya hivi. Chungwa napandisha kidogo, ngozi ipumue. Buluu navuta chini, anga iwe nzito. Giza naliweka kwa ukuta, kwa nguo, kwa shingo upande usio na mwanga. Machoni napitisha brashi mara moja tu, kwa sababu ukizidisha anakaa jini. Kama bado picha haina nguvu, shida ilikuwa taa, si slaida.

Halafu kabla sijaposti, nampa simu aangalie mwenyewe. Akisema "hapa sijitambui," naifungua tena. Ametoka mbali na mabamba ya 1899. Si mimi nitamrudisha huko.