Mimba Ikiharibika, Njoo Hospitalini: Tulikotoka na Tulipo

  Leo tunazungumzia jambo ambalo hapa Taveta husemwa kwa kunong'ona: mimba kuharibika. Wewe uliyeko Challa, Mata, Jipe au Bomeni, sogea karibu na redio. Mama mkwe akiwa hapo, mwite naye asikilize.

Kazini nimepokea akina mama waliovuja damu nyumbani siku tatu. Ukiwauliza kwa nini walikawia, wengi hujibu, "Nesi, niliogopa kuulizwa." Hofu hiyo haikuanza jana.

Sheria ya Jinai ya mwaka 1930, tuliyorithi kutoka kwa wakoloni, iliweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Vifungu hivyo bado vimo. Basi watu wakamtazama aliyetoa mimba na aliyeharibikiwa na mimba kwa jicho moja. Lakini kuharibikiwa na mimba si kosa wala laana. Kati ya mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa.

Tatizo la pili lilikuwa vifaa. Zamani, kusafisha kizazi kulihitaji daktari na chumba cha upasuaji. Mama wa kijijini alisubiri gari, na damu haisubiri gari. Katika miaka ya 1990 ilianza kuenea nchini pampu ndogo ya mkono inayofyonza mabaki ya mimba, na wauguzi na maafisa wa kliniki wakafundishwa kuitumia. Mwaka 1994, katika mkutano wa dunia mjini Cairo, nchi zilikubaliana kwamba mwanamke aliyepata madhara baada ya kutoa mimba atibiwe vyema, hata pale sheria inapokataza kutoa mimba.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 26 hairuhusu kutoa mimba, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Utafiti wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba karibu wanawake 120,000 walitibiwa nchini mwaka huo kwa madhara ya kutoa mimba. Hao ni waliofika hospitalini.

Kwa hivyo, mama, ukiwa mjamzito na uone damu, nenda kituo cha afya. Damu ikiwa nyingi, au ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu unaonuka au kizunguzungu, usingoje kuche. Usinywe mizizi. Nenda zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Taveta. Ikibidi, utapelekwa Voi. Mwambie mhudumu ulichotumia, kama kipo, ili ajue namna ya kukutibu. Kabla ya kurudi nyumbani, uliza kuhusu kupanga uzazi, kwani unaweza kushika mimba tena baada ya wiki mbili tu.

Nawe mama mkwe, usiku huo usianze na maswali. Anza kwa kutafuta gari.