Vifuniko vya viti vya gari: Je, vina faida Kisii na Nyamira?

MWENYE gari anayeishi Kisii au Nyamira hushauriwa kununua vifuniko vya viti karibu siku ile ile anapolileta gari nyumbani. Jirani humwambia, fundi humwambia, na mchuuzi anayezunguka mahali pa kuegesha magari humwonyesha vya rangi mbalimbali, akimhakikishia kwamba vitalinda viti na kuongeza thamani ya gari. Bei yenyewe si haba. Isitoshe, vikinunuliwa ovyo huweza kuviharibu viti vile vile vilivyokusudiwa kulindwa.

Jambo hili si la urembo tu. Kwa familia iliyojikaza ikanunua Probox moja ili ibebe abiria na mazao kati ya Keroka, Nyamira na Kisii, kiti kinachonuka au kilichochanika ni sababu ya abiria kupanda gari lingine. Pia ni pesa zinazopungua siku ya kuliuza gari hilo.

Jibu haliwezi kuwa moja kwa nchi nzima. Garissa au Mombasa, adui mkubwa wa kiti ni jua, ambalo hupausha kitambaa na kuikausha ngozi hadi ikapasuka. Katika nyanda za juu za Gusii adui ni maji na udongo. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua ya masika huanza mwezi wa Machi, ya vuli hufuata Septemba, na hata kati ya misimu hiyo manyunyu ya alasiri si jambo la ajabu. Abiria huingia garini amelowa, viatu vimejaa tope jekundu, na kiti hupata nafasi chache za kukauka sawasawa.

Kwa hivyo, kifuniko kinachofaa huku ni kile kinachozuia maji yasifike kwenye sponji, na ambacho chenyewe huweza kuvuliwa kikaanikwa. Sharti la pili ndilo husahaulika. Kifuniko cha plastiki kilichobanwa kabisa huzuia maji ya juu, lakini maji yakishapenya kwenye mishono hayana pa kutokea. Sponji hubaki na unyevu kwa wiki nyingi, kuvu huota, na harufu yake haiondolewi na manukato yanayoning'inizwa kwenye kioo. Walioacha karatasi za nailoni zilizokuja na viti vipya wakidhani wanavihifadhi hukutana na balaa lilo hilo.

Viti vya magari ya huku huharibiwa pia na mizigo. Doa la utomvu wa ndizi ni jambo ambalo wakazi hawahitaji kuelezwa sana. Utomvu hutoka kwenye mkungu ukiwa kama maji, lakini ukigusana na hewa hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza, na ukishakauka kwenye kitambaa sabuni ya kawaida haiutoi. Mkungu mmoja uliolazwa kwenye kiti cha nyuma hadi soko la Daraja Mbili hutosha kuacha alama ya kudumu. Maziwa yakimwagika huleta shida ya namna nyingine: doa halionekani, ila yale yaliyofika kwenye sponji huchacha, na harufu hurejea kila gari linapopata joto. Vumbi jeupe la mawe ya Tabaka hupanguswa kwa urahisi, isipokuwa linapokuta kiti kimelowa.

Gari linalofanya kazi za aina hiyo linahitaji vifuniko, na hapo hapana mjadala mrefu. Gari la kibinafsi ni tofauti. Mwalimu au karani anayeendesha peke yake hadi kazini kwa barabara ya lami, na kuliegesha gari chini ya paa, huenda asipate faida yoyote katika seti nzima. Mkeka mzuri wa mpira sakafuni, pamoja na taulo kuukuu ya kutandika siku ya mvua, humsaidia zaidi. Aidha, katika gari la namna hii kiti kinachochakaa kwanza ni cha dereva, hasa ukingo wa upande wa mlango ambao dereva huusugua kila anapoingia na kutoka. Kununua vifuniko vya viti viwili vya mbele pekee ni uamuzi wa busara ambao wauzaji hawapendi kuutaja.

Katika hesabu ya gharama, bei ya dukani peke yake hupotosha. Kinachofaa ni kuigawanya bei hiyo kwa miezi ambayo kifuniko kitadumu. Kwa mfano wa kukisia, seti ya Sh6,000 inayotumika miaka miwili humgharimu mwenyewe Sh250 kwa mwezi. Seti ya Sh2,400 inayochanika baada ya miezi sita humgharimu Sh400 kwa mwezi. Rahisi ghali, wasemavyo Waswahili. Kisha jumla hiyo ilinganishwe na ada ambayo fundi wa viti angetoza kukishona upya kiti kilichoharibika. Iwapo kushona upya viti viwili baada ya miaka mitano ni nafuu kuliko kununua vifuniko mara mbili au tatu katika muda huo, basi mwenye gari ana haki ya kuuliza analinda nini.

Ikumbukwe pia kwamba kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba gari kuukuu kutoka Japani huweza kufika viti vyake vikiwa vimekaliwa miaka saba. Ikiwa vimekwisha kuchakaa, kifuniko hakilindi chochote bali kinaficha. Hilo nalo si kosa, mradi mnunuzi ajue analipia sura.

Kuhusu malighafi, wengi hudanganywa na neno ngozi. Vinavyouzwa kwa jina hilo kwa kawaida ni ngozi bandia, nayo ni ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni reksini ya plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya kitambaa. Ni nzito kidogo, baridi kwa mguso, na hunuka plastiki ikiwa mpya. Ya pili hutengenezwa kwa poliyurethani. Ni laini zaidi, hufanana sana na ngozi halisi na huvutia macho. Hata hivyo, poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa. Baada ya miaka michache uso wake huanza kubanduka vipande vidogo vidogo vinavyonata kwenye nguo za abiria. PVC haina ugonjwa huo, ingawa joto kali huifanya iwe ngumu na kupasuka. Kwa hali ya hewa ya Kisii na Nyamira, basi, reksini isiyovutia sana huenda ikaishi kuliko ile laini inayosifiwa na muuzaji.

Vitambaa navyo vina tabia zao. Pamba humpendeza anayeketi, lakini katika hewa ya kawaida hushika unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta hushika chini ya asilimia moja. Kifuniko cha poliesta kilichofuliwa asubuhi huweza kukauka kabla ya mvua ya alasiri. Cha pamba nzito kitalala kibichi. Mahameli na vitambaa vyenye manyoya haviifai kabisa sehemu yenye tope. Turubai ni ngumu na hukwaruza, lakini kwa pikapu inayobeba mbolea na majani ya ng'ombe hakuna kinachoishinda.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achukue kitambaa cheupe, akiloweshe, na kusugua kifuniko kwa nguvu. Rangi ikitoka, itatoka pia kwenye shati la abiria aliyenyeshewa au sare ya mwanafunzi. Vilevile aukague uzi, kwani ule wa nailoni huvumilia maji, na wa pamba huoza kwenye mshono hata kama kitambaa bado ni kizima. Mwenye Probox aangalie zaidi kwamba kiti cha nyuma kitaendelea kukunjwa. Gari hilo, lililoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, limependwa kwa sababu kiti chake cha nyuma hulala na kuacha nafasi ya mizigo. Kifuniko cha kipande kimoja kinachozuia kiti kisilale kimeliondolea gari nusu ya kazi yake.

Hayo yote yahusu mfuko. Kuna suala zito zaidi ambalo halizungumzwi dukani, nalo ni usalama. Vifuniko vingi vya bei ya chini havina matundu ya vifungio vya mikanda ya viti vya nyuma. Anayevivisha huvisukuma vifungio chini ya kitambaa ili kiti kionekane nadhifu, na tangu siku hiyo hakuna abiria wa nyuma anayejifunga mkanda. Kanuni zilizochapishwa Oktoba 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki, ambaye sasa ni marehemu, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Matatu ambayo mikanda yake imezikwa chini ya vifuniko inakiuka kanuni hizo sawa na isiyo na mikanda.

Hatari nyingine imo ubavuni mwa kiti. Baadhi ya magari yana mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya egemeo la kiti cha mbele, upande wa mlango. Gari likigongwa ubavuni, mfuko hupasua mshono maalumu wa kiti na kujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kifuniko kinachouzunguka ubavu huo huweza kuuchelewesha au kuuelekeza kusikofaa, na vitabu vya maelezo vya Toyota huonya waziwazi dhidi ya kufunika sehemu hiyo. Kuitambua ni rahisi. Mwenye gari atazame ubavu wa egemeo la kiti, na akiona kibandiko chenye maneno "SRS AIRBAG", asikubali kifuniko kisicho na uwazi mahali hapo.

Utelezi nao usipuuzwe. Kifuniko kinachoteleza humfanya aliyeketi kuchomoka chini ya mkanda dereva anapofunga breki ghafla, na kiti cha mtoto kilichofungwa juu yake hulegea kidogo kidogo. Viegemeo vya kichwa vilivyong'olewa ili kifuniko kiingie vyema havina budi kurudishwa, kwani ndivyo hukinga shingo gari linapogongwa kutoka nyuma.

Kwa matatu za abiria 14, huenda lililo bora ni kuachana na vifuniko na kumwita fundi aishonee reksini moja kwa moja kwenye kiti. Hakuna kinacholegea wala kuvutwa na abiria, mikanda hubaki wazi, na tope hupanguswa kwa kitambaa kibichi kila jioni. Udhaifu wake ni matundu ya sindano, ambamo maji hupenya. Kwa hiyo fundi aelekezwe asiweke mishono katikati ya kikalio ambako maji hutuama. Ushauri huu huwafaa hata wenye bodaboda, ambao sponji zao zikishanywa maji humlowesha kila mteja mpaka jua liwake.

Anayenunua gari lililotumika hapa nchini naye ana sababu ya kuvitazama vifuniko kwa jicho la shaka. Avifunue vyote, si cha dereva pekee. Kikalio kilichobonyea sana katika gari linalodaiwa kusafiri kilomita chache ni dalili kwamba mita imechezewa. Mistari ya maji kwenye kitambaa cha asili, au kutu kwenye reli za chuma chini ya viti, huashiria gari lililowahi kufurika maji. Muuzaji anayekataa kifuniko kisifunuliwe ameshajibu swali.

Anayeamua kushonewa badala ya kununua vilivyo tayari alipeleke gari lenyewe kwa fundi, si vipimo vya kwenye karatasi, kwa kuwa viti vya modeli moja hutofautiana kwa miaka. Waafikiane mapema kuhusu aina ya uzi, zipu au kulabu za kuvulia, matundu ya mikanda yote pamoja na wa katikati nyuma, na uwazi wa mfuko wa hewa ikiwa upo. Ni vyema kubakisha sehemu ya malipo hadi kazi ikaguliwe. Ukaguzi wenyewe ufanywe watu wakiwa wameketi garini: kila mmoja ajifunge mkanda na kuufungua, dereva akisogeze kiti chake mbele na nyuma, kisha kifuniko kimoja kivuliwe na kuvishwa tena mbele ya fundi.