Kilimia: Zifahamu nyota 'saba' ambazo kwa kweli ni zaidi ya 1,000

Ukitazama juu usiku wa Desemba au Januari, utaona mahali ambapo nyota ndogo zimebanana kama kijiwingu. Hicho ndicho Kilimia. Watu wengi wakihesabu wanapata nyota sita. Wenye macho makali wanafika saba, nane au zaidi. Ukweli ni kwamba kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000.

Kimataifa kinaitwa Pleiades, na kwenye orodha za wanaastronomia ni M45. Waarabu wanakiita Thurayya, ndiyo maana kuna akina mama na mabinti wanaoitwa Thuraya. Wajapani wanakiita Subaru. Ukiangalia nembo ya gari la Subaru utaziona zile nyota sita.

Kwa nini kinaitwa Kilimia?

Jina linatokana na kulima. Kabla ya kalenda za ukutani na simu, nyota hizi zilikuwa zinampa mkulima tarehe.

Kila mwaka mwezi Mei, Jua hupita upande huo wa anga na Kilimia hakionekani kwa wiki kadhaa. Mwezi Juni kinarudi, safari hii alfajiri upande wa mashariki, kabla ya Jua kuchomoza. Wahenga walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Yaani waliangalia hali ya hewa siku kinapopotea, wakabashiri itakavyokuwa kitakaporudi.

Kilimia hakileti mvua. Kinachofanya ni kuonyesha mwaka umefika wapi, na kwa kazi hiyo hakikosei: hurudi majira yale yale kila mwaka, hata mvua ikichelewa.

Ndugu wa tumbo moja

Kilimia ni fungunyota, yaani kundi la nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi na vumbi. Zinashikana kwa nguvu ya mvutano, lakini si kwa kubana sana, ndiyo maana aina hii huitwa fungunyota huria.

Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 100 na 125. Ni mingi kwetu, lakini kwa nyota huo ni utoto. Jua letu lina miaka kama bilioni 4.6. Kilimia kilipozaliwa, dinosaria walikuwa bado wanatembea duniani.

Je, si bahati tu kwamba nyota hizo zimeonekana karibu karibu? Mwaka 1767 Mwingereza John Michell alipiga hesabu akakuta uwezekano wa kutokea hivyo kwa bahati ni kama 1 kati ya 500,000. Akaamua kwamba lazima zina uhusiano, na baadaye ikathibitika kuwa ni kweli.

Nyota zenye majina

Tisa kati ya zinazong'aa zaidi zina majina kutoka hadithi za Wagiriki: baba, mama na mabinti saba.

• Alcyone: ndiyo inayong'aa kuliko zote.

• Electra, Maia, Merope na Taygeta: mabinti wengine wanne wanaoonekana kwa urahisi.

• Atlas: baba. Ukimjumlisha na hao watano, unapata zile sita ambazo watu wengi huziona.

• Pleione: mama. Anazunguka kwa kasi kubwa mno mpaka anarusha gesi inayomzingira kama sahani, na mwangaza wake hubadilika.

• Celaeno na Asterope: hafifu, zinahitaji giza zuri na macho mazuri.

Hapo ndipo penye jibu la ile "ya saba". Pleione anaweza kuonekana kwa macho, ila yuko karibu sana na Atlas, kwa hiyo watu wengi huwaona kama nyota moja.

Nyota hizi tisa ni za buluu kwa sababu ni za moto sana. Joto la uso wake linapita nyuzi 10,000, wakati la Jua ni kama 5,500. Lakini nyingi ya zile nyota 1,000 ni ndogo, hafifu na nyekundu, hazionekani bila darubini. Galileo alipoelekeza darubini yake huko, alichora nyota 36 kwenye kitabu alichokitoa mwaka 1610.

Wapo pia walioshindwa kuwa nyota. Mwaka 1995 watafiti wa Uhispania walitangaza kukipata Teide 1 ndani ya Kilimia. Hicho ni kibete kahawia, kitu kikubwa kuliko sayari lakini chepesi mno kuwaka kama nyota. Kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuthibitishwa.

Ule ukungu wa buluu

Kwenye picha, Kilimia kinaonekana kama kimefunikwa shela la buluu. Ni vumbi linaloakisi nuru ya nyota. Sehemu yake iliyo karibu na Merope iligunduliwa na Wilhelm Tempel mwaka 1859. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni mabaki ya wingu lililozaa nyota hizo. Siku hizi inajulikana kwamba hawana undugu: Kilimia kiko safarini, na kimekutana tu na wingu hilo njiani.

Ugomvi wa umbali

Kilimia ni kama rula kwa wanaastronomia. Wakijua kiko mbali kiasi gani, wanajua nyota zake zinang'aa kiasi gani hasa, kisha wanatumia kipimo hicho kwa nyota za mbali zaidi.

Mwaka 1997 rula hiyo ilitiliwa shaka. Vipimo vya setilaiti ya Ulaya, Hipparcos, vilionyesha Kilimia kiko kama miaka nuru 390 kutoka hapa. Njia nyingine zilikuwa zinatoa zaidi ya 430. Kama Hipparcos ilikuwa sahihi, basi nyota hizo zilikuwa hafifu kuliko nadharia zinavyosema, na uelewa wetu wa nyota changa ulikuwa na kasoro.

Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia zilipima upya zikapata karibu miaka nuru 444. Kisha setilaiti mpya, Gaia, ikaja na jibu linalokaribiana na hilo. Nadharia za nyota zikapona. Kipimo cha Hipparcos kwa Kilimia ndicho kilichokuwa na tatizo.

Maana yake, nuru utakayoiona usiku wa leo ilianza safari kabla Fort Jesus ya Mombasa haijaanza kujengwa mwaka 1593.

Kitadumu?

Hapana. Mvutano wa mawingu na nyota nyingine unakivuta kidogo kidogo. Inakadiriwa kwamba katika miaka kama milioni 250 ijayo ndugu hawa watakuwa wametawanyika, kila mmoja na njia yake. Huenda hata Jua letu lilizaliwa katika kundi la namna hii, kisha ndugu zake wakapotea.

Jinsi ya kukiona

• Muda: jioni kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Katikati ya Januari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kinakuwa juu kabisa, kimeelekea kidogo kaskazini.

• Alama: tafuta nyota tatu zilizopangana mstari, za kundinyota la Orion. Fuata mstari huo kuelekea kaskazini-magharibi upite nyota nyekundu ya Aldebaran, kisha endelea mbele kidogo.

• Giza: chagua usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mjini. Mwanga wa taa ndio unaomeza ile nyota ya saba.

• Simu: izime au iweke mfukoni kwa dakika kama 20 ili macho yazoee giza, ndipo uanze kuhesabu.